Mlango wa Mihayo

Minza alilisikia lori kabla ya mbwa. Alikuwa ameketi juu ya ngozi yake pembeni mwa ghala la mtama, na ule mngurumo ulimwingia kutokea ardhini, ukampanda mgongoni, ukamkaa kwenye meno. Akaanza kuyumba mbele na nyuma. Mama yake, Klementina, aliweka ungo chini akamtazama. Alijua binti yake haumwi, ila kuna kitu kinakuja.

Ilikuwa mwaka wa Operesheni, na habari zake walikuwa wamezisikia kutoka Sapiwi tangu masika. Watu wote wanahamia vijijini, wanapangwa kwa mistari, asiyetaka atahamishwa. Klementina alidhani mjane mwenye ng'ombe wachache na mtoto mlemavu atasahauliwa. Hakusahauliwa. Lori lilisimama kwenye mwanya wa ua wa minyaa, mgambo wakashuka, wakamwamkia vizuri, kisha wakapanda juu ya nyumba na kuanza kung'oa nyasi za paa.

Wakati huo Minza alikuwa msichana mzima, rika lake wameshaolewa na kuzaa. Miguu yake ilikuwa imejikunja tangu kuzaliwa na haikuwahi kumbeba. Mkono wa kushoto uliganda kifuani, wa kulia ulitetemeka hata kushika kijiko. Mdomo wake haukutoa neno, ulitoa mguno tu. Zaidi ya hayo sauti kubwa zilimpiga kama kofi, macho ya mtu yakikutana na yake yalimchoma, na chungu kikihamishwa kutoka mahali pake hakulala. Wageni walimwona gogo. Lakini masikio yake yalikuwa mazima kuliko ya wote, na akili nayo ilikuwa nzima. Hakuna neno la Kisukuma lililosemwa mbele yake likampita, na hata Kiswahili cha mikutano alikuwa amekiokota kidogo kidogo.

Naye alisema. Alisema kwa kidevu na kwa macho, na boma lote lilikuwa maneno yake. Akielekeza kidevu ghalani, ana njaa. Akielekeza zizini, ni habari za ng'ombe. Akielekeza kwenye mwanya wa minyaa, ni mgeni au safari. Aliweza kuyaunga: siku moja alitazama ghala, kisha mwanya, kisha ghala tena, na Klementina alipokwenda kuangalia akakuta mtama umechotwa. Ukimwuliza jambo, aliinua kidevu kwa ndiyo na kukishusha kwa hapana. Na akigeukia machweo, alikozikwa baba yake, kisha akainamisha kichwa, maana yake ilikuwa baba, au huzuni, au jambo lililopita lisilorudi. Baba huyo ndiye aliyeanza kumwelewa, Minza akiwa mdogo. Alikuwa akimwambia mkewe, "Usimkimbize. Maneno yake yanatembea kwa miguu yake yeye."

Jioni ile walipakiwa kwenye lori pamoja na vyungu, kuku na jiwe la kusagia. Minza alipiga kelele njia nzima, na mgambo mmoja akauliza kama hakuna kitu cha kumziba mdomo.

Kijiji kipya kilikuwa uwanda mtupu wenye vigingi. Kila familia ilionyeshwa kiwanja chake, wote wakitazama barabara moja iliyonyooka kama kamba. Klementina alijenga kibanda cha miti na udongo, akaezeka kwa nyasi. Ghala hakuwa nalo, mtama ulikaa kwenye gunia ndani. Ng'ombe walichanganywa na wa wengine katika zizi la mbali. Katikati ya kijiji walitundika rimu ya gari, na kila asubuhi iligongwa kuita watu wa zamu kwenye shamba la pamba la kijiji, na Jumamosi kijiji kizima. Mlio ule ulimpasua Minza kichwa. Kila ilipogongwa aliguna na kugonga kisogo ukutani, na wapita njia waliharakisha mwendo.

Siku za kwanza alijaribu kusema. Aliinua kidevu kule ambako ghala lingekuwa, akakuta barabara. Alitafuta mwanya wa minyaa, akakuta choo cha jirani. Mama yake alifuata macho yake na kubahatisha, maji, uji, jua, na mara nyingine alipatia. Lakini alirudi shambani amechoka, na kuwaza kulikuwa kazi juu ya kazi. Maneno ya Minza yakapungua. Kama mtu anayeyasahau majina ya nduguze ugenini, akabaki na lile moja ambalo halikuhitaji boma, kwa sababu machweo ni machweo popote. Kila jioni aligeukia upande wa jua linapozama, akamtazama baba yake, akainamisha kichwa, akayumba.

Upande ule sasa ulisimama mlango wa Mihayo.

Mihayo alikuwa mtu wa ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto, mpole kwa maongezi, mwepesi wa kusaidia mzigo. Mkewe, Philomena, alimletea Klementina moto wa kuwashia siku ya kwanza. Hawakujuana kabla ya vigingi. Jioni ya kwanza Philomena alimwona yule binti akiutazama mlango wake na kuguna, akacheka kidogo, akamsalimia. Baadaye akaacha kucheka. Baadaye tena akawa anafunga mlango mapema.

Masika yalipokwisha surua iliingia kijijini. Ilipita nyumba nyingi, lakini kwa Mihayo ilichukua mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza kuchunga ndama. Siku ya mazishi Klementina alikwenda kupika pamoja na wanawake wengine. Walimpisha kwenye mafiga. Hakuna aliyemsema, ila chungu alichokikoroga yeye hakikuliwa. Na wakati jeneza linatoka, jua lilikuwa linashuka, na Minza mlangoni kwake alikuwa amegeukia palepale, ameinamisha kichwa.

Tangu hapo watoto walipitia njia nyingine. Klementina alipoamka asubuhi alikuta majivu yamemwagwa kizingitini, akayafagia bila kuuliza. Alimwambia Minza asikae nje jioni. Minza alishusha kidevu. Ndani hakumwona baba yake.

Ubaya wa kuonwa gogo ni kwamba watu hukaa karibu nawe na kusema. Mchana mmoja mwanzoni mwa kuchuma pamba, Klementina akiwa amekwenda kutafuta kuni na kumwacha Minza nje, Mihayo na mdogo wake walikuja kupumzika kwenye kivuli cha kibanda, mahali ambapo mkono wa Minza ungeweza kuwagusa. Mihayo alisema ametoka Lalago kwa mfumu, yule mganga wao wa zamani, maana mtoto wake wa pili, wa kike, ameanza kupata homa. Mfumu alichinja kuku, akamsoma matumbo, akamwambia kwamba kisicho na mdomo ndicho kinachomla.

Mdogo wake akauliza itakuwaje.

"Jumamosi kijiji kizima kiko shambani," Mihayo alisema. "Mama yake humfungia ndani kwa kamba. Nyasi kavu, na mafiga yamo ndani. Kila mtu anajua moto wa mafiga."

"Na mama yake?"

"Mama yake atapumzika."

Alisema kwa upole uleule aliosemea habari za ng'ombe. Kabla hajaondoka aliuvuta upande wa ngozi ya Minza uliokuwa juani, akauweka kivulini. Minza alisikia moyo wake ukigonga hadi kwenye meno. Hakuyumba. Aliogopa kwamba akiyumba watajua.

Klementina aliporudi, binti yake alikuwa akimngoja. Minza aligeukia mlango wa Mihayo, akaganda hapo. Mama yake alitua mzigo, akaketi kando yake.

"Unamkumbuka baba yako," alisema.

Minza alishusha kidevu: hapana. Lakini macho kwenye machweo na kichwa chini, hilo lilikuwa neno la baba lenyewe, tangu zamani. Klementina akaona amejibiwa. Akamfuta mate kwa kanga, akasema yeye pia anamkumbuka, kwamba angekuwapo wasingekuwa hivi. Akalia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu lori. Minza alijaribu tena, akageuka tena, akashusha tena, na kila alipokataa, mama yake aliona anakubali. Akasusa uji. Klementina akadhani ni surua, akampapasa shingo na tumbo, akakuta hana joto.

Siku ya pili ilikuwa vilevile. Ilikuwa Alhamisi.

Jioni ile Klementina alikuwa akisonga ugali, amempa binti yake mgongo. Alisikia kitu kikiburuzwa. Alipogeuka, Minza alikuwa ametambaa kwa kiwiko hadi kwenye mafiga, ameshika kijinga cha moto kwa mkono ule unaotetemeka, na anarudi nacho, cheche zikimdondokea kifuani. Alikifikisha kwenye ngozi yake ya kulalia akakiweka juu yake. Manyoya yakaanza kunuka.

Klementina alirusha maji ya ugali juu ya moto, kisha akampiga kofi. Hakuwahi kumpiga maishani. Mkono wake mwenyewe ulimtisha. Wazo likamjia kwamba huenda wanawake wale wanasema kweli, kwamba ndani ya mwanawe mna kitu asichokijua.

Ndipo Minza akafanya asilolifanya hata utotoni. Akainua uso akamtazama mama yake machoni, akabaki hapo. Kope zilimtetemeka, machozi yakamtoka kama mtu anayetazama jua, na hakuacha. Alipohakikisha ameonwa, alitazama mlangoni, upande wa kwa Mihayo. Akatazama kijinga. Akatazama ngozi iliyoungua. Kisha akarudi kwenye macho ya mama yake.

Klementina alipiga magoti kwenye matope ya unga na majivu. Aliyakumbuka maneno ya marehemu mumewe, akajilazimisha kwenda polepole.

"Hutaki kusema baba."

Kidevu chini.

"Unasema moto."

Juu.

"Moto utaingia humu ndani?"

Juu.

"Wa mafiga?"

Chini.

"Kuna mtu atauleta."

Juu. Macho yakaenda mlangoni tena. Klementina hakutaka kulitaja lile jina, akalitaja kwa sauti ndogo, na kidevu kilipanda na kubaki juu. Akauliza kama ni leo. Kama ni kesho. Alipofika siku ya shamba la kijiji, Minza alianza kuyumba, akiguna, na hakuweza kujibu tena, lakini alikuwa ameshajibu.

Asubuhi Klementina alikwenda kwa Salu, balozi wa nyumba kumi, mzee mwangalifu aliyependa kila jambo lipite kimya. Walisalimiana, mwangaluka, mwangaluka. Akamweleza yote. Salu alisikiliza huku akichora chini kwa fimbo.

"Mayu, mama yangu, nitamshitaki mtu kwa ushahidi wa nani?"

"Wa Minza."

"Minza hana mdomo."

"Anao. Mimi ndiye niliyechelewa kumsikia."

Salu alitazama barabarani kabla ya kujibu. Alisema hamfanyii ubaya, anamwonya. Akikiambia kijiji kwamba mtoto wake anajua siri za watu, mambo yaliyosemwa mchana yeye akiwa hayupo, atakuwa amewapa walichokuwa wanakitafuta. Watauliza nani alimwambia. "Kesho nenda shambani kama wengine," alisema. "Usipokwenda mgambo watakufuata. Na jambo hili hujaniambia."

Klementina alirudi akitembea katikati ya barabara ile iliyonyooka. Alipopita kwa Mihayo, mwenye nyumba alikuwa mlangoni akinoa panga la kukatia kuni, akamwamkia kwa heshima zote, akauliza hali ya Minza. Klementina alijibu hajambo.

Jumamosi aliamka kabla ya rimu. Alimziba Minza masikio kwa pamba, pamba ileile ya kijiji, akamfunga mgongoni kwa kanga mbili kama mtoto mchanga. Mwanamke mzima mgongoni mwa mwanamke mzima. Miguu iliyojikunja ilimchoma mbavuni. Alitoka akaufunga mlango kwa kamba kama kila siku, fundo lilelile, akapita nyuma ya vyoo kungali giza giza. Hakuwa na hakika. Alichojua ni kwamba akikosea atakuwa amebeba mzigo tu.

Shambani watu walipowaona wakiingia kwenye mistari ya pamba walisimama na mifuko yao. Alimtua Minza chini ya mgunga mdogo mwanzoni mwa mistari, mahali ambapo kila mtu angemwona, akaanza kuchuma. Mihayo hakuwapo. Mkewe alisema amefuata ng'ombe aliyepotea. Philomena mwenyewe alikuja na yule mtoto wa kike mgongoni, anakohoa. Alimwona Minza, akashtuka, akageuka kutazama kijijini, kisha akainama upesi akaanza kuchuma pamba ambayo haijapasuka.

Klementina aliliona hilo. Philomena alikuwa anajua.

Jua lilipokuwa limesimama vizuri, Minza aliguna. Pamba masikioni haikumzuia. Au ilikuwa harufu. Aliinua kidevu kuelekea kijijini, na safari hii watu wote waligeuka kufuata kidevu chake. Moshi ulikuwa unapanda, mweusi chini, mweupe juu, kutoka mstari wa mwisho wa nyumba.

Hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Kabla mifuko haijatuliwa, Mihayo alitokea njiani akija mbio, amejipaka majivu mikononi, anapiga yowe kama inavyopasa.

"Nyumba ya Klementina inaungua! Nimejaribu kufungua, kamba imenishinda. Maskini yule binti yumo ndani."

Hakuna aliyemjibu. Alitazama nyuso zao, moja baada ya nyingine, akifuata zilikokuwa zimegeukia, mpaka akafika chini ya mgunga. Minza alikuwa ameketi akiyumba polepole, macho yake chini, kama kawaida yake. Mihayo alifungua mdomo. Mikono yake ilitafuta pa kwenda, ikashika kofia, ikaivua.

Salu alikuwa mstari wa tatu. Aliinama akaokota bonge la pamba lililoanguka, akalipangusa udongo.

Paa likadondoka kule kijijini na cheche zikaonekana. Ndipo Philomena akatoka kwenye mstari wake. Watu walidhani anakwenda kwa mumewe, akampita. Alisimama mbele ya Minza, mtoto akikohoa mgongoni.

"Mama Minza," alisema bila kumtazama Klementina, "wanasema mnaongea. Anasemaje akikubali?"

"Anainua kidevu. Akikataa anakishusha."

Philomena alichuchumaa. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza njia. "Wewe ndiye uliyemla mwanangu?"

Minza aliacha kuyumba. Akashusha kidevu hadi kifuani, akakiacha hapo ili wa mbali pia waone.

"Basi mlango wangu unautazamia nini kila siku?"

Hilo halikuwa swali la ndiyo wala hapana. Minza aliguna, mkono ukatetemeka hewani, na nyuso zile zikaanza kufunga tena. Klementina alitaka kusema, akajizuia kidogo, kisha akasema maneno machache: nyumbani kwao kwa zamani, upande huo ndiko lilikokuwa kaburi la babake.

Philomena alimgeukia Minza tena. "Unamtafuta baba yako?"

Kidevu kilipanda.

Philomena alinyoosha mkono kana kwamba atamgusa Minza goti, hakumgusa. Kisha akanyanyuka, akarudi kwenye mstari wake, akachuma. Wengine nao wakachuma. Mihayo akachukua mfuko.

Wakuu wa kijiji waliuliza habari za moto ule na wakaambiwa ni mafiga. Salu ndiye aliyewaambia. Kuhama hakukuruhusiwa bila kibali, na Klementina alipokwenda Bariadi kuomba aishi Somanda kwa Fatu, mama muuza duka aliyekuwa akinunua samli yake, aliambiwa kila mtu ana kijiji chake. Akajenga tena juu ya majivu. Mtoto wa Philomena alipona. Wapo waliosema ni kwa sababu mambo yalisemwa hadharani, na wapo waliosema kilichomla kimeshiba kwa muda.

Mihayo hakubadilika. Kila asubuhi alipita, akasimama kwenye kona ya kibanda, akaamkia. Siku nyingine Minza alimsikia akisimama hapo kabla ya kuamkia, muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kuvuta pumzi. Klementina alimjibu kila mara.

Mwishoni mwa mavuno Klementina alizunguka kiwanja na binti yake mgongoni, wakiweka maneno upya. Aliuliza na kusubiri. Jiwe hapa liwe njaa? Juu. Kigingi hiki kiwe maji? Chini, si hapo, pale. Klementina aliokota kigae cha chungu chao cha zamani, kilichopasuka kwa moto, akasema hiki tukiweke kiwe baba, ili usihitaji tena kutazama kule.

Minza alishusha kidevu. Klementina akauliza kama kiwe huzuni, kama kiwe nyumbani. Hapana. Alitaja kila kitu alichoweza kukumbuka. Mwishowe alichungulia barabarani, akaona hakuna mtu, akainamia sikio la mwanawe.

"Mihayo?"

Juu. Akakichimbia kile kigae kando ya mlango, mahali ambapo Minza angeweza kukielekezea kidevu hata usiku, akiwa amelala.